Kengele Sebuleni: Kisa cha Familia Zilizosomesha Watoto Nyumbani, Ilemela

Kisa hiki ni cha familia tano, baadaye nane, za Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, zilizoungana kusomesha watoto wao nyumbani kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2024. Majina, kata, shule na baadhi ya kazi za wazazi vimeondolewa au kubadilishwa, na umri wa watoto wawili umesogezwa kidogo. Hesabu za mahudhurio, michango na vipimo zimetoka kwenye madaftari ya kikundi chenyewe. Madaftari hayo hayakuwepo miezi mitano ya mwanzo, na hilo nalo ni sehemu ya kisa.

## Usuli: kila mmoja na lake

Ukitaja kusomesha mtoto nyumbani, wengi Mwanza hufikiria Wazungu wa misheni au watu wenye fedha za kuchezea. Familia hizi hazikuwa hivyo. Mbili zilikuwa na maduka, moja ilitegemea ufundi wa injini za boti, moja uhasibu, moja ajira katika kampuni ya ujenzi. Hazikukutanishwa na falsafa yoyote ya elimu. Kila moja ilikuja na tatizo lake, na matatizo hayo hayakufanana hata kidogo.

Familia ya kwanza ilikuwa na mvulana wa miaka 9 mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu unaoleta vipindi vya maumivu makali. Mwaka 2022 alikosa shule siku 61 kati ya 194 za mwaka wa masomo. Si zote zilizosababishwa na ugonjwa peke yake. Mtoto wa selimundu anatakiwa anywe maji mengi, na anayekunywa maji mengi huenda haja ndogo mara nyingi. Darasani kwake ruhusa ya chooni ilikuwa moja kwa asubuhi nzima, basi akajifunza kutokunywa. Kudeki kwa maji ya baridi saa moja asubuhi, mchakamchaka, kupigishwa magoti juani: lolote kati ya haya linaweza kuamsha maumivu. Mama yake alieleza shuleni mara tatu. Walimu walimwelewa, kisha zamu ikabadilika na mwalimu wa zamu mpya hakuwa na habari.

Familia ya pili ilihamahama na mradi wa ujenzi wa baba. Watoto wake wawili walikuwa wamepita shule nne ndani ya miaka mitatu.

Familia ya tatu ilikuwa na binti wa miaka 8, darasa la pili, katika chumba chenye watoto zaidi ya 120. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto wameongezeka kwa kasi ambayo madarasa hayakuifikia. Binti huyu alichanganya b na d. Aliwahi kuandika kwenye insha kwamba dada yake amekwenda mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia ufukweni, kutengeneza injini. Hakuwa na dada. Alikuwa akimwandika baba. Mwalimu akaweka tiki, akapita.

Familia ya nne ililemewa na ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa watoto watatu, ikaona haya kuwarudisha shule ya serikali mtaani. Hili halikusemwa siku ya kwanza. Lilisemwa mwaka mmoja baadaye.

Familia ya tano ilitaka malezi ya dini yaende pamoja na masomo, na ilikuwa imechoshwa na fimbo. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye daftari. Mama wa familia hii alisema mwanawe alichapwa sana, lakini daftari hakuwahi kuliona.

Jumla watoto 11, wa miaka 5 hadi 12.

## Mfuatano wa matukio

### Januari hadi Aprili 2023: barua

Mama wa familia ya tano ndiye aliyekuwa msomaji. Alipakua miongozo, akaifupisha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Karibu yote ilikuwa ya Marekani, ambako kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 na katika mengi mzazi hutoa taarifa tu kwa mamlaka ya elimu. Ushauri uliotoka humo ulikuwa mmoja: andika barua ya kumwondoa mtoto shuleni, tunza nakala, endelea na maisha. Laiti angeangukia maandishi ya Ujerumani! Huko kuhudhuria shule ni lazima, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyakataa malalamiko ya wazazi waliotaka kufundisha nyumbani. Jambo hili hubadilika ukivuka mpaka. Kwetu, Sheria ya Elimu ya 1978 imejengwa juu ya uandikishaji na mahudhurio: mtoto akifika umri wa kwenda shule, mzazi ana wajibu wa kumwandikisha na kuhakikisha anahudhuria.

Familia tatu ziliandika barua. Hakuna iliyoomba uhamisho. Shule zikapokea, kimya.

Masomo yaligawanywa kwa kinamama: mhasibu akachukua Hisabati, mmoja Kiswahili, mmoja Sayansi, mmoja Kiingereza, na Maarifa ya Jamii ikabaki kwa mwenye nafasi. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba. Vitabu vya kiada vilisomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kosa la mwezi wa kwanza lilikuwa kuvichapa vizima. Steshenari walitozwa shilingi 100 kwa ukurasa, na kitabu cha kurasa 150 kikagharimu 15,000 kikiwa karatasi zilizobanwa kwa klipu, zinazopeperuka upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Baadaye walichapa kurasa za mazoezi tu, wakasoma maelezo kwenye kompyuta kibao mbili za pamoja. Ubao ulitengenezwa kwa nusu ya plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka siku nzima. Waliopaka mikono yote siku moja ubao wao ulibanduka kama samaki anayeparwa magamba.

### Mei 2023: Hisabati inakatika

Mama mhasibu alipata kazi Geita, akaondoka ndani ya siku kumi. Kwa wiki saba watoto 11 hawakufundishwa Hisabati. Kila mzazi alidhani mwingine anaishughulikia, maana hakukuwa na aliyeandika ni mada ipi imefikiwa na nani. Alipoulizwa kwa simu, mama mhasibu alisema, "Wakubwa niliwaacha kwenye hesabu za sehemu, wadogo sikumbuki." Madaftari ya kikundi yalianza juma lile.

### Juni hadi Desemba 2023: mwalimu mstaafu

Walimtafuta mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka 60 na kitu, asubuhi tatu kwa juma. Kila familia ilichanga shilingi 35,000, jumla 175,000 kwa mwezi: mwalimu 120,000, kopi 30,000, bando 15,000, na 10,000 ya chaki na sabuni. Familia ya mhasibu iliendelea kuchangia kwa sababu watoto walibaki na bibi yao.

Alifanya mambo mawili kabla ya kufundisha chochote. Kwanza alimsomesha kila mtoto kwa sauti dakika moja, akahesabu maneno sahihi. Binti wa darasa la pili alisoma 14. Pili alizuia wazazi kusahihisha kazi za watoto wao. Karatasi moja ya Hisabati iliyokuwa imepewa 84 na mama mzazi ilisahihishwa upya na mama wa nyumba nyingine, ikapata 61. Hakukuwa na udanganyifu; mama aliona mwanawe "alimaanisha" jibu sahihi, akampa.

Kwa yule binti alitumia dakika 15 kila siku aliyokuwepo, na mama akarudia siku asizokuwepo. Sinia lenye mchanga mkavu, kidole, na maneno mawili tu kwa wiki mbili: *baba* na *dada*. Kanuni aliyompa ilikuwa hii: b huanza na mti ndipo kikapu, d huanza na kikapu ndipo mti. Mtoto aliisema kwa sauti huku akichora. Baada ya hapo kadi za silabi, *ba be bi bo bu* upande mmoja, *da de di do du* upande mwingine, kisha zikachanganywa. Mwalimu hakumruhusu kuandika herufi hizo kwenye daftari mpaka mchanga ulipokuwa haukosei mara kumi mfululizo.

Somo lililokumbukwa kuliko yote lilikuwa la mwaloni. Ijumaa moja ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto sita walipelekwa na mizani ya jikoni. Boti za dagaa zilikuwa zimerudi. Mwalimu akamuuliza mchuuzi mbele yao, "Mama, juma lijalo tukija tutakukuta?" Yule mama akajibu bila kuinua kichwa, "Mwezi utakuwa mkubwa, mwalimu, njooni ukishapungua." Dagaa huvutwa na taa usiku, mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vya kutosha, na wavuvi hupumzika. Watoto walipewa kazi ya kuchora mwezi kila usiku mpaka boti zirudi. Walinunua kilo moja ya dagaa wabichi, wakawaanika juu ya wavu chakavu uliowambwa kwenye uchanja, wakawapima tena jioni ya siku ya pili: gramu 280. Hesabu iliyofuata ilikuwa ya darasa la tano lakini hata wadogo waliifuata: bei ya kilo ya dagaa wakavu isipofika mara 3.6 ya wabichi, muuzaji amekula hasara hata kabla ya nauli. Sharti lilikuwa moja: hakuna anayeingiza mguu majini, kwa sababu ya kichocho.

Na kichocho ndicho kilichofichua pengo ambalo hakuna mwongozo wa Marekani ungeweza kulitaja. Mwezi Novemba mtoto wa jirani alirudi kutoka shule akisema wamemezeshwa dawa za kichocho na minyoo. Kwa umri huu dawa hizo hugawiwa kupitia shule, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana nayo kwa sehemu kubwa hufuatwa shuleni. Watoto 11 wa kando ya ziwa walikuwa wamerukwa bila mtu kujua.

### Januari hadi Machi 2024: kikundi kinageuka shule

Sifa zilisambaa. Januari 2024 familia zikawa nane na watoto 19. Mwalimu akaombwa siku tano, wote wakahamia sebule moja kubwa, akina baba wakachonga madawati sita, na fundi wa boti akaleta kengele ya shaba. Sare zilijadiliwa. Kila hatua ilionekana ni maendeleo.

Mwezi huohuo mtaala ulioboreshwa ulianza kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Kikundi kilikuwa kimenunua Desemba seti za darasa la tatu za Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, wakati darasa hilo sasa lilikuwa na Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Fedha ilipotea. Darasa la nne lilibaki kwenye mtaala wa zamani mwaka ule, kwa hiyo meza moja ilikuwa na mitaala miwili.

Februari, mama wa mvulana wa selimundu alikwenda shule ya serikali ya jirani ili mwanawe asajiliwe kwa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne wa Oktoba. Mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akauliza uhamisho na namba ya PReM, yaani namba ya mtoto katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani. Namba ilikuwepo, lakini kwenye kumbukumbu mtoto alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya zamani. Barua ya 2023 haikuwa uhamisho. Shule ya zamani ilidai ada ya muhula mmoja kwa kuondoka bila notisi kabla ya kumwachia. Sakata hili lilichukua wiki tisa.

Kabla halijaisha, Machi, Afisa Elimu Kata alifika pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Jirani alikuwa amelalamikia kelele. Afisa alihesabu viatu mlangoni kabla ya kuingia: jozi 19. Akamwamkia mwalimu mstaafu, "Shikamoo Mwalimu," akakaa, kisha akasema, "Mama zangu, watoto 19, mwalimu analipwa, kengele ipo. Mnasomesha nyumbani au mmefungua shule?" Kuendesha shule isiyosajiliwa ni kosa. Aliwapa siku 14 waonyeshe kila mtoto ameandikishwa wapi.

## Maamuzi na sababu zake

Njia ya kwanza iliyojadiliwa ilikuwa kusajili shule kweli. Ilikataliwa kwa kura, na kwa maoni yetu walifanya sawa. Usajili unataka eneo, majengo, vyoo, walimu wenye sifa, mmiliki na meneja walioidhinishwa. Nani kati yao alikimbia shule ili aje kuwa na shule?

Walichoamua ni kumwandikisha kila mtoto wa umri wa kwenda shule, kisha kujadiliana na mwalimu mkuu mtoto mmoja mmoja. Aliyekwenda kuzungumza alikuwa mwalimu mstaafu pamoja na mzazi husika, na hilo lilisaidia: alijua lugha ya ofisi ile. Mwalimu mkuu alikuwa na msimamo. Mwenye sababu ya kiafya iliyoandikwa na daktari, wapange. Wengine wote, mahudhurio kamili.

Kwa mvulana wa selimundu walikubaliana maandishi ya ukurasa mmoja. Atahudhuria siku anazoweza. Siku asizoweza mama atatuma ujumbe kabla ya saa mbili asubuhi. Mitihani ya mihula ataifanyia shuleni, na akiugua siku ya mtihani ataurudia ndani ya juma. Chupa ya maji ya lita moja na nusu itakaa kwenye dawati lake. Chooni ataenda bila kuomba. Hatadeki wala kukimbia mchakamchaka. Sweta atavaa hata kama wengine wamevua. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni hospitali moja kwa moja, siyo kulazwa ofisini asubiri mama. Nakala ilibandikwa ofisini, nyingine ndani ya jalada la daftari la darasa, ili mwalimu wa zamu mpya aikute.

Nyumbani siku zake ziligawanywa tatu. Siku nzima: masomo manne. Nusu siku: dakika 40 za kusomewa na kujibu kwa mdomo, bila kuandika, kwa sababu vidole vikivimba kalamu ni adhabu. Siku ya kitanda: hakuna somo, mama anaandika tu tarehe. Mpango huu ulikuwa umeanza kutumika tangu 2023; makubaliano mapya yaliufanya ujulikane shuleni.

Michango nayo ilivunjwavunjwa. Familia yenye mtoto mmoja ilikuwa ikilipa sawa na yenye watatu, na ugomvi wa jambo hili ulikaribia kuua kikundi kabla ya afisa kufika. Waliobaki, familia sita na watoto 13, walikubaliana 20,000 kwa familia na 6,000 kwa kila mtoto, jumla 198,000. Mwalimu alirudi asubuhi tatu kwa wadogo wa chini ya umri wa shule na saa za jioni kwa wengine.

Mama mmoja alikabidhiwa daftari la afya: kufuatilia dawa na chanjo katika zahanati ya kata kila zoezi linapotangazwa.

## Matokeo

Familia ya pili ilihama tena na mradi, safari hii ikiwa na uhamisho uliofuatwa kwenye PReM kabla ya kufunga mizigo. Familia ya nne iliwaandikisha watoto wote watatu shule ya serikali, na baba akakiri kwamba ndilo alilohitaji tangu mwanzo. Familia ya tano ilijitoa, ikampeleka mtoto shule ya kutwa iliyosajiliwa ya dini yake.

Binti wa b na d alirudi darasani asubuhi na kuendelea na sinia la mchanga jioni. Desemba 2023 alisoma maneno 23 kwa dakika. Novemba 2024 alisoma 52.

Mvulana wa selimundu aliachiwa na shule ya zamani katikati ya Aprili, familia ikiwa imelipa deni kwa awamu mbili, akasajiliwa zikiwa zimebaki siku sita. Oktoba alifanya upimaji. Kiingereza alipata A, Kiswahili na Sayansi na Teknolojia B, Hisabati C, Maarifa ya Jamii D. Akaingia darasa la tano. Katika mwaka wa kwanza wa nyumbani daftari lake lilionyesha siku za kitanda 34 na nusu siku 41.

## Uchambuzi

Hizo siku 34 zisilinganishwe haraka na zile 61 za mwaka uliotangulia. Siku 61 zilijumuisha kliniki, uchovu wa baada ya maumivu, na siku ambazo mama alimzuia kwa hofu tu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba siku 41 ambazo shuleni zingehesabiwa "hayupo" zilikuwa na dakika 40 za masomo. Hapo ndipo kusomea nyumbani kulipolipa.

Ukiziangalia familia tano za mwanzo, moja tu ilihitaji mtoto awe nyumbani kwa sehemu ya muda. Nyingine zilihitaji uhamisho ulioandikwa vizuri, mtu wa kumfundisha mtoto kusoma kwa dakika 15 kwa siku, shule ya bei wanayoiweza, na shule ya imani yao. Kikundi kiliwapa wote dawa moja kwa sababu hakuna aliyekaa nao mwanzoni akauliza: hasa umeondoka kwa nini, na hilo lingeisha, ungerudi? Mwalimu mstaafu aliuliza swali hilo Juni, lakini kwa watoto tu, kuhusu kusoma. Angeuliza wazazi pia, kengele isingeletwa.

D ya Maarifa ya Jamii si siri. Somo hilo halikuwa na mwenyewe mwaka 2023, na pengo lilizibwa kwa karatasi za mazoezi za Marekani zilizopakuliwa bure. Mtoto alijua kuhesabu senti 25 na kupima kwa inchi na futi. Futi zilimfaa mwaloni, maana mitumbwi huko bado hutajwa kwa futi, lakini hazikumfaa kwenye karatasi ya upimaji. Karatasi za nje si mbaya kwa Kiingereza, na A yake inathibitisha. Kwa somo linalofungamana na nchi hazina nafasi.

Kugawana masomo kwa kinamama huonekana haki, na huvunjika kwa urahisi kuliko mpango mwingine wowote. Mtu mmoja akiondoka, somo zima linaondoka naye. Vikundi vinavyodumu huwa na watu wawili kwa Hisabati na wawili kwa Kiswahili, hata kama mmoja hafundishi bali anapitia tu daftari la mada kila Ijumaa. Daftari lenyewe halihitaji ufundi: tarehe, jina la mtoto, mada, ukurasa wa kitabu, nani alifundisha, nini hakikueleweka. Safu ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye kazi.

Kusahihisha kwa kubadilishana kulikuwa uamuzi wa bei ndogo kuliko wote na ulioleta ukweli mwingi kuliko wote. Kila mtoto pia alipewa mtihani wa muhula wa shule ya jirani baada ya shule kuumaliza. Kopi 12, shilingi 1,200. Bila kipimo cha nje, nyumba hujipima kwa upendo.

Kuhusu ukuaji: hatari haikuwa idadi yenyewe. Watoto 19 katika nyumba tano, wakikutana mwaloni Ijumaa, wasingemleta afisa. Walioletwa pamoja siku tano, chumba kimoja, mwalimu mmoja wa kulipwa, walikuwa na mzigo wote wa shule bila kinga yake hata moja: bila usajili, bila namba ya kituo cha mtihani, bila dawa za kichocho. Walimu wenye uzoefu wangeona hilo siku madawati yalipoingia. Mwalimu mstaafu aliliona, kwa taarifa. Alisema mara moja, akanyamazishwa kwa heshima.

Afisa Elimu Kata anastahili neno lake. Wazazi walimwogopa mwaka mzima, wakajificha kwa kufunga madirisha ya upande wa barabara. Alipofika ndiye aliyesukuma uhamisho uliokwama. Wangemfuata Januari 2023 na orodha ya majina na sababu, wiki tisa za Februari hadi Aprili huenda zingekuwa mbili.

## Yaliyobaki wazi

Mvulana alikuwa darasa la nne 2024, kwa hiyo atamaliza la saba 2027. Binti alianza darasa la tatu 2024 kwa mtaala mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita, kwa hiyo naye atamaliza 2027, mwaka mmoja na mwenzake aliyemtangulia darasa. Makundi mawili ya nchi nzima yatagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja, na msongamano ule uliomwondoa binti darasani mwanzoni unaweza kumkuta tena huko.

Kwa mvulana, sekondari ina njia ambayo shule ya msingi haina: kufanya Mtihani wa Maarifa, unaompa sifa mtu asiyesoma sekondari shuleni, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo huwapita wengi kwa sababu huanza kuulizwa usajili ukiwa umefungwa. Bweni, kwa mtoto anayehitaji maji kitandani na mtu wa kumpima homa usiku, mama yake hataki kulisikia. Kwenye jalada lake, nyuma ya yale makubaliano ya ukurasa mmoja, ameshabandika karatasi yenye maneno matatu: "Mtihani wa Maarifa, 2028?"